Maneno 212 kwenye kaunta buku, alama 6 kwenye insha

SWALI

Wahariri wa safu, habari za kazi.

Najiandaa kwa mtihani wa historia wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana nipo dukani. Nikifunga napata saa mbili za kusoma, siku tano kwa wiki, na zimebaki wiki kumi. Nimejaza kaunta buku nzima: maneno 212 ya historia ya dunia na maana zake, kuanzia ujima hadi utandawazi. Ukiniamsha usiku wa manane nakutajia maana ya ubeberu bila kuruka nukta.

Shida ni insha. Kwenye mtihani wa majaribio swali lilitaka kulinganisha utawala wa kikoloni Kenya, Zanzibar na Tanganyika kati ya Vita Kuu mbili za Dunia. Nilijaza kurasa tatu, nikapata 6 kati ya 20. Pembeni msahihishaji kaandika: "Istilahi zimemwagwa, hazijatumika." Niliandika kwamba nchi zote tatu zilikuwa makoloni ya Mwingereza, akakata. Niliandika Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji tangu 1885, akakata. Niliandika utumwa ulikomeshwa Zanzibar mwaka 1873, hapo akakata mara mbili.

Halafu kuna hili la ukabaila na umwinyi. Mwalimu mmoja wa tuisheni anasema ni kitu kimoja, mwingine anasema anayeandika hivyo hajui historia. Tena mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, ila kwangu mambo huingia kwa Kiswahili kwanza, na nadhani hapo nako zinanitoka alama.

Je, niongeze maneno au nipunguze? Na niyaandike vipi ili yanisaidie?

Jambo la mwisho: dondoo zangu zinasema maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ni ya mwaka 500. Uislamu si ulianza baada ya 600? Nani kakosea?

Mwenye Kaunta Buku, Morogoro

JIBU

Ndugu Mwenye Kaunta Buku,

Punguza. Katika hayo 212 bakiza 60, mengine yaache kwenye kaunta buku yapumzike.

Alama 6 hukuzipata kwa uchache wa maneno. Ulizipata kwa kuyachukulia maneno ya historia kama ya kamusi: neno, nukta mbili, maana, basi. Oksijeni ni oksijeni Morogoro na Moscow, mwaka 1800 na mwaka huu. Neno la historia halitulii hivyo. Lina umri wake, lina kwao, na mara nyingi lina mtu aliyelitumia kwa faida yake. Sentensi zako zilizokatwa zote zina kosa hilo moja, kwa hiyo tuanze nazo.

Nchi tatu, hadhi tatu. Kati ya vita mbili Mwingereza alitawala Kenya, Zanzibar na Tanganyika, hilo hukukosea. Ila hakuzitawala kwa haki moja ya kisheria, na swali lilikuwa linatafuta hapo hapo.

Zanzibar ilikuwa himaya, au nchi lindwa kama vitabu vingine vinavyoandika, tangu 1890. Katika himaya mtawala wa asili anabaki kitini, bendera yake inapepea, na kwa sheria nchi si mali ya mlinzi. Mambo ya nje, ulinzi na mwishowe hazina vinahamia mikononi mwa mlinzi. Sultani alibaki na jina. Uamuzi ulikuwa kwa mwakilishi wa Uingereza.

Kenya ilianza kama himaya mwaka 1895, baada ya kampuni ya kibiashara ya Kiingereza kushindwa kuiendesha, na mwaka 1920 ikageuzwa koloni. Kugeuzwa huko hakukuwa kubadili kibao cha ofisini. Katika koloni ardhi inahesabiwa kuwa ya taji, yaani ya mfalme wa Uingereza, na taji linaweza kuikopea mtaji, kuigawa na kuiandikia hati. Walowezi wa nyanda za juu walilijua hilo vizuri. Ila ukanda wa pwani wa maili 10 haukuingia kwenye koloni, kwa sababu kwa sheria ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar na Uingereza iliulipia kodi kila mwaka. Ndiyo maana jina kamili lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya, na Mombasa ilikuwa upande wa himaya hadi 1963. Anayeandika hilo katika mstari mmoja anamwonyesha msahihishaji kwamba analijua neno mpaka ukingo wake.

Tanganyika haikuwa koloni la Mwingereza hata siku moja. Ilikuwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baada ya Ujerumani kushindwa, mkataba wa Versailles wa 1919 uliinyang'anya makoloni, na mwaka 1922 Tanganyika ikawekwa rasmi chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Ruanda-Urundi ilikwenda kwa Ubelgiji kwa utaratibu huohuo. Mdhamini alitakiwa kupeleka taarifa ya kila mwaka, ikajadiliwa Geneva, makao ya Shirikisho hilo. Mwaka 1946 Umoja wa Mataifa uliurithi utaratibu huo na kuupa meno kidogo: kuanzia 1948 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kukagua kila baada ya miaka mitatu, na wananchi waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao. Julius Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini New York mwaka 1955 kwa sababu Tanganyika ilikuwa na mlango huo. Kenya, ikiwa koloni, haikuwa nao. Umeona neno linavyofanya kazi? Hadhi ya kisheria inaeleza kwa nini njia za kudai uhuru zilipishana.

Tahadhari moja kabla ya Kongo: jina la kisheria na hali halisi si lazima viende pamoja. Wajerumani waliziita milki zao za Afrika kwa neno lenye maana ya nchi zilizolindwa, huku wakizitawala kama makoloni kabisa, pamoja na kodi, viboko na kulimishwa pamba kwa lazima. Ukikutana na neno la mtawala, andika aliitaje, kisha andika alifanya nini.

Kongo ni hadithi fupi. Kuanzia 1885 iliitwa Dola Huru ya Kongo, na haikuwa huru wala haikuwa ya Ubelgiji. Ilikuwa miliki binafsi ya mfalme wa Ubelgiji, Leopold II. Serikali ya Ubelgiji iliichukua mwaka 1908, baada ya ukatili wa kuwavunisha watu mpira kwa nguvu kupigiwa kelele duniani, na hapo ndipo ilipokuwa koloni la Ubelgiji, hadi 30 Juni 1960. Kosa lako ni la miaka 23.

Sasa ile ya 1873. Biashara ya utumwa ni kununua, kusafirisha na kuuza watu. Utumwa ni hali ya kisheria ya mtu kumilikiwa na mtu. Biashara hufungwa bandarini na sokoni, kwa mkataba na manowari. Utumwa hufungwa mahakamani, kwa sheria. Ni mambo mawili yenye tarehe mbili, karibu kila mahali duniani. Uingereza ilipiga marufuku biashara mwaka 1807, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ikapitishwa 1833 na kuanza kazi 1834. Zanzibar, mkataba wa 5 Juni 1873 ulifunga masoko na usafirishaji wa baharini. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa 1897, na hata hapo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, bwana akalipwa fidia, na masuria waliachwa nje hadi 1909. Pwani ya Kenya ilifuata 1907. Tanganyika ilisubiri hadi 1922. Ufaransa ndiyo inayoharibu kabisa dhana kwamba utumwa ukifutwa umefutwa: iliufuta katika makoloni mwaka 1794, Napoleon akaurudisha 1802, ukafutwa tena 1848.

Kwa hiyo msahihishaji alikata mara mbili kwa haki: ulikosea jambo, na ulikosea mwaka wa jambo hilo.

Sasa namna ya kuandika. Achana na kaunta buku, tengeneza kadi. Karatasi ya A4 ikunje mara mbili uikate vipande vinne. Karatasi 15 zinatoa kadi 60. Kila kadi neno moja, mistari mitano. Wa kwanza ni maana kwa maneno yako, yasizidi 20. Wa pili ni mipaka: neno hili linatumika wapi, kuanzia lini hadi lini. Wa tatu ni jirani yake, yaani neno linalochanganywa nalo, na kinachowatenganisha. Wa nne ni mfano wenye mahali na mwaka. Wa tano ni nani alilitumia au bado analitumia, na kwa faida gani. Nyuma ya kadi weka neno la Kiingereza. Ukiona mstari wa tatu umebaki mtupu, jua neno hilo bado hujalielewa hata kama maana yake unaiimba.

Kadi ya himaya, kwa mfano, ingesomeka hivi:

Maana: nchi ambayo mtawala wake anabaki kitini lakini dola ya nje inashika ulinzi, mambo ya nje na baadaye mengi zaidi.
Mipaka: zaidi karne ya 19 na 20, Zanzibar 1890–1963, Uganda 1894–1962.
Jirani: koloni, ambako hakuna mtawala wa asili anayetambuliwa juu ya nchi nzima, na ardhi ni ya taji.
Mfano: ukanda wa pwani wa Kenya, maili 10, wa Sultani kisheria hadi 1963.
Nani alilitumia: Waingereza, kwa kuwa ulinzi ulikuwa rahisi na haukudai gharama za kuendesha koloni.

Nyuma ya kadi hiyo utapata mtego wa kwanza wa lugha. Kwa Kiswahili watu husema pia "himaya ya Waroma" wakimaanisha dola kubwa inayotawala mataifa mengi. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kabisa hapo (protectorate kwa nchi lindwa, empire kwa dola kubwa), na ukichukua lile la dola kubwa ukalibandika Zanzibar ya 1920, sentensi nzima imeanguka. Kwa Roma sisi tungependelea "dola" au "milki", na himaya ibaki kuwa nchi inayolindwa. Udhamini nao ni neno moja kwetu, lakini Kiingereza kinatofautisha ule wa Shirikisho la Mataifa (mandate) na ule wa Umoja wa Mataifa (trusteeship). Nyuma ya kadi andika yote mawili na mwaka 1946 katikati. Na mkoloni: kwetu ni mtawala aliyekuja, ila neno la Kiingereza linalofanana nalo kwa sauti humaanisha pia mlowezi aliyehamia. Watahiniwa wengi humgeuza gavana kuwa mkulima kwa njia hiyo.

Mapinduzi ndiyo mabaya kuliko yote. Kiswahili kinaita mapinduzi yale ya Ufaransa ya 1789, ya Viwanda, ya Zanzibar ya 12 Januari 1964, na kitendo cha Idi Amin cha 25 Januari 1971. Kiingereza kinatenga kile cha mwisho na kukipa neno lake, coup, lililotoka Kifaransa. Ukitaka kujua uko upande gani, uliza maswali matatu: aliyetawala amebadilika? Anayemiliki ardhi na mali amebadilika? Sheria ya nani ni nani katika jamii imebadilika? Uganda 1971 jibu la kwanza tu ndilo lilikuwa ndiyo: Rais Milton Obote alikuwa Singapore, jeshi likachukua ikulu, muundo wa umiliki na tabaka ukabaki kama ulivyokuwa asubuhi ile. Yaliyofuata, pamoja na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, ni kadi nyingine. Zanzibar majibu yote matatu ni ndiyo: Sultani aliondoka, ardhi ikataifishwa na baadaye wakulima wakagawiwa ekari tatu tatu, na mpangilio wa zamani wa nani yuko juu ya nani ukavunjwa. Misri ya Julai 1952 inakaa katikati na ndiyo maana inapendwa na watunga maswali. Ilianza kama kitendo cha maofisa wa jeshi cha usiku mmoja. Lakini Septemba mwaka huohuo ikaja sheria ya ardhi iliyomzuia mtu kumiliki zaidi ya fedani 200 (fedani ni kama ekari moja), na 1953 ufalme ukafutwa. Anayeweza kusema ilivuka mpaka lini na kwa nini ana alama zake.

Mapinduzi ya Viwanda weka kadi yake peke yake. Hayana siku, hayana kiongozi, yalichukua miongo mingi kuanzia Uingereza ya karne ya 18, na kinachopinduliwa ni namna ya kuzalisha.

Tukienda kwenye ugomvi wa walimu wako: wote wawili wameshika nusu. Ukabaila, katika vitabu vya Afrika Mashariki, ni jina la hatua katika ngazi ya ujima, utumwa, ukabaila, ubepari na ujamaa. Kwa maana hiyo, popote tabaka la wachache linapomiliki ardhi au mifugo, na wengi wanatumia kwa kulipa kazi, mazao au utii, pana ukabaila. Umwinyi wa pwani, nyarubanja ya Kagera na ubugabire wa Buha na Burundi vyote vinaingia hapo. Mwalimu wa kwanza yuko sahihi katika ngazi hiyo ya juu.

Mwalimu wa pili anatazama chini, na huko mambo ni tofauti. Nyarubanja ilishika ardhi: mtu analima migomba yake mwenyewe lakini shamba ni la bwana, naye analipa. Ubugabire, na ubuhake wa Rwanda, vilishika ng'ombe: unapewa ng'ombe, unakuwa na bwana wa kukukingia kifua, nawe unamtumikia. Mwami (mfalme) wa Rwanda, Mutara Rudahigwa, aliufuta ubuhake mwaka 1954. Umwinyi ulikuwa hadhi ya wenye mji wa pwani, ardhi na ukoo vikienda pamoja, pembeni pakiwa na biashara ya baharini ambayo Kagera haikuwa nayo. Ulaya magharibi mambo yalisimama juu ya shujaa wa farasi aliyepewa ardhi ili apigane, na mkulima asiyeweza kuihama ardhi hiyo ingawa hauzwi peke yake sokoni kama mtumwa. Japani ya Tokugawa, 1603 hadi 1868, ukubwa wa bwana ulipimwa kwa mchele: daimyo alikuwa mwenye eneo lenye kutoa angalau koku 10,000, koku moja ikiwa kama lita 180, na samurai wengi hawakuwa na ardhi, walilipwa posho ya mchele. Ukiziita zote ukabaila ukanyamaza, umezitia kwenye gunia moja na kulifunga. Sema zinafanana wapi, kisha sema bwana alishika nini: ardhi, ng'ombe, mji au mchele.

Mstari wa tano wa kadi hiyo una utamu wake. Watu wa Ulaya ya karne ya 12 hawakujua kwamba wanaishi katika mfumo wenye jina hilo; jina la mfumo mzima lilikuzwa baadaye na wanasheria na waandishi, na likapata umaarufu lilipokuwa linazikwa, Bunge la Ufaransa lilipotangaza Agosti 1789 kwamba linaufuta.

Ubepari upitie haraka, ila angalia asili ya neno. Bepari limetoka India, kwa watu waliolitumia kumwita mfanyabiashara, na mwanafunzi wa Kiswahili huishia kuona ubepari kila palipo na duka. Biashara ilikuwapo Kilwa ikatoa sarafu zake za shaba karne nyingi kabla ya kiwanda cha kwanza cha Manchester. Ubepari unaanza pale mwenye mtaji anaponunua nguvu kazi kwa mshahara ili kuzalisha, anauza kwa faida, na faida inarudi kuwa mtaji. Hilo la mshahara ndilo linaloutenganisha na utumwa na ukabaila. (Beberu, yule wa ubeberu, ni mbuzi dume. Hilo halina alama ila linasaidia kukumbuka.)

Maneno yanayochukua upande yawekee alama ya rangi kwenye kona ya kadi. Uasi ni mojawapo: huwezi kumuasi mtu usiyemkubali kuwa mtawala wako, kwa hiyo anayeandika "uasi wa Majimaji" amekaa kwenye kiti cha gavana Mjerumani bila kujua. Andika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. India ya 1857 ina tatizo hilohilo. Waingereza waliyaita maasi ya askari, Wahindi wengi huita vita vya kwanza vya uhuru. Na "zama za kati" limepimwa kwa Ulaya, kutoka kuanguka kwa Roma ya magharibi mwaka 476 hadi karne ya 15. Ukilitumia kwa Kilwa aliyoitembelea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, taja karne pia, kwa kuwa Kilwa haikuwa katikati ya chochote. Ilikuwa kwenye neema yake.

Maneno ya sababu ni matatu tu: sababu za msingi, sababu za karibu, na cheche. Watahiniwa huanza na cheche na kumaliza nayo. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, lakini Austria-Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai. Mwezi mzima huo ndio wa kueleza: nani alimpa nani ahadi, jeshi la nani lilianza kukusanywa, kwa nini kufikia 4 Agosti Uingereza nayo ilikuwa ndani. Ili kujua sababu ni ya aina gani, iondoe kichwani. Ukimwondoa muuaji, miungano na mashindano ya silaha bado yapo; ukiiondoa miungano, mauaji yanabaki ugomvi wa nchi mbili.

Ratiba yako: jioni tatu za wiki andika kadi mbili mbili, zinakuwa sita kwa wiki na 60 kwa wiki kumi. Jioni ya nne chukua kadi nne bila kuchagua, ujaribu kuziunganisha kwa sentensi mbili zenye miaka. Jioni ya tano andika insha moja kwa dakika 45, saa ikiwa mezani. Anza na maneno ya mamlaka na ya uchumi, maana ndiyo yanayobeba maswali mengi.

Na ndani ya insha usifungue kwa kumwaga maana. Lile swali lako lingeweza kuanza hivi: "Kati ya 1920 na 1939 Uingereza ilitawala nchi zote tatu kwa haki tofauti za kisheria. Kenya ilikuwa koloni, hivyo serikali iliweza kutenga nyanda za juu kwa walowezi. Zanzibar ilikuwa himaya, hivyo amri zilitoka kwa jina la Sultani hata pale uamuzi ulipokuwa wa Mwingereza. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini, hivyo mdhamini alijieleza Geneva kila mwaka." Hesabu neno "hivyo". Kila istilahi imefuatwa na tokeo lake, na hakuna maana hata moja iliyokaririwa.

Kuhusu Kizimkazi, hakuna aliyekosea isipokuwa aliyenakili dondoo akaacha herufi moja. Maandishi yale ni ya mwaka 500 H, yaani Hijria, kalenda ya Kiislamu inayohesabiwa tangu 622 BK. Usijumlishe 622 moja kwa moja, kwa sababu mwaka wa Hijria hufuata mwezi na una siku 354 au 355. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha jumlisha 622: 500 × 0.97 ni 485, ukijumlisha 622 unapata 1107 BK. Hiyo ni karne ya 12, si ya 11. Karne ya 12 ilianza 1101. Ukiwa hapo, rekebisha na kadi ya KK na BK: hakuna mwaka sifuri, kwa hiyo kutoka mwaka wa 5 KK hadi wa 5 BK ni miaka 9.